Fundi wa Diski Aliyekuja Saa Saba Mchana

Kabla hujaanza kucheka, niambie: umewahi kuibiwa ukiwa umekaa bega kwa bega na mwizi, tena mkono unaoiba ni wako mwenyewe? Mimi nimeibiwa hivyo. Ilinitokea hapa Lubumbashi, nyumbani kwangu upande wa Kasungami, saa nane na nusu mchana, jua kali, kuku wakipigana uani. Sikuwa nimekunywa, wala sikuwa na homa. Na wale wanaosema kwamba mfiwa huota akiwa macho, waje wazungumze na binti yangu Mireille, kwa sababu na yeye ameibiwa.

Elewa vizuri, mimi si mtu wa mizimu. Baba yangu alikuwa fundi wa umeme kwenye reli, nami nikafuata njia ileile mpaka pensheni. Mtu akiniambia nyumba fulani ina pepo, mimi huuliza kwanza kama waya wa ardhi umefungwa sawasawa. Marehemu mke wangu Odette alikuwa akinitania kwamba siku ya hukumu nitamwomba Mungu anionyeshe fyuzi.

Odette aliimba kwenye kwaya ya parokia zaidi ya miaka ishirini. Yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha wimbo, wengine wakaitikia. Mimi nilikuwa ninawarekodi hapa sebuleni, magodoro yameegemezwa ukutani ili sauti isirudi, kipaza sauti kimefungwa kwenye mti wa ufagio. Mwaka jana presha ilimchukua kwa siku mbili tu. Kwenye kompyuta yangu zikabaki nyimbo zake zote, na ujumbe wa sauti aliokuwa ananitumia alipokwenda Kilwa, hii yetu ya kando ya ziwa, kumuuguza mama yake: nisiunguze maharagwe, nisisahau maji ya kuku, nisigombane na jirani kwa ajili ya ukuta. Niliviweka vyote kwenye folda moja na kuiandika jina lake.

Misa ya mwaka, ile ya kumaliza kilio, ilipangwa Jumapili. Nilikuwa nimemwahidi Mireille, na kwaya nzima, kwamba ndani ya kanisa tutamsikia Odette akianzisha wimbo wa mwisho, nao watamwitikia wakiwa wamesimama. Ahadi hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Maana wiki hiyo ndipo diski ilipoamua kunishinda.

Ni SSD, diski ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka. Niliinunua kwa Kalala, Mkasai mwenye duka la kompyuta za mitumba karibu na barabara kubwa. Mwanzoni mashine ilikuwa inafunguka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Kisha ikaanza kuvuta miguu. Kufungua wimbo mmoja tu, ungesonga bukari, yaani ugali, ukala, ukaosha sufuria, bado duara linazunguka kwenye kioo. Taa ya diski ilikuwa inawaka bila kupepesa.

Nilifanya yote anayopaswa kufanya fundi. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha na tundu lake. Nilipima umeme, nikakuta uko chini kwa sababu mtaa mzima wanapika kwa jiko la koili, nikaweka stabilizeta. Niliingia kwenye mipangilio ya ndani, nikahakikisha diski inasomwa kwa njia mpya si ya zamani. Nikakuta TRIM imezimwa, ule usafishaji unaofuta kabisa mahali palipokuwa na faili uliyoitupa, nikauwasha kwa mkono wangu. Nilifuta sinema zote. Hakuna kilichobadilika ila hasira yangu, ambayo ilipanda.

Nikampigia Kalala.

"Papa, haina siri," akasema. "SSD ikijaa mpaka mu shingo, inakosa fasi ya kupanga bintu. Njo maana inaenda polepole. Tosha bintu, punguza."

"Nitoshe nini, Kalala? Mule mulibakia Odette tu."

Akaniahidi Alhamisi. "Bon. Jeudi nitakutumia muntu. Atakuya na disque ingine, mutakopie kwanza. Usifute kintu, papa. Unasikia? Usifute."

Nilisikia. Masikio yangu ni mazima mpaka leo.

Sasa, kama hukai huku kwetu, lazima nikueleze jinsi tunavyofanya kazi. Umeme wa mtaa wetu huja siku moja, kesho yake haupo, na siku ukija ni kwa muda wa saa tatu au nne tu, au pungufu. Ukiwaka, kila mtu anakimbia: huyu pasi, huyu pampu ya maji, huyu simu tano kwenye kichomeko kimoja. Mbele ya kompyuta husomi wala hufikiri. Mashine ikiuliza swali, unabonyeza "Oui", yaani ndiyo. Ikiuliza tena, "Oui". Unakimbizana na mtu wa kukata umeme ambaye hujawahi kumwona. Tumezoea hivyo wote, na Odette alikuwa akinigombeza kwa hilo.

Alhamisi umeme ukaja saa saba na robo. Kabla mashine haijamaliza kuamka, lango likagongwa.

Alikuwa mwanamume wa miaka kama thelathini na tano, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, mikono mitupu. Hapo tu ningepaswa kushtuka, sivyo? Kalala alisema mtu atakuja na diski nyingine. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilikuwa nimezama tangu Jumatatu.

"Papa, nakuya juu ya disque," akasema. Ilibidi niiname kumsikia. Hakuwa na sauti. Si kwamba alinong'ona. Ilikuwa pumzi tupu inayopita kwenye meno.

"Kalala njo alikutuma?"

"Niko hapa, papa."

Niliona ni jibu. Nikamkaribisha, nikamuuliza koo lake lina nini.

"Itapona leo," akasema, akakaa kwenye kiti cha Odette. Sikumwambia akae pale. Kuna viti vitatu.

Nilimpa maji, hakuyagusa. Akaniomba kwanza asikie. Nilidhani anataka kuona jinsi faili inavyochelewa kufunguka, jambo ambalo fundi yeyote angetaka kuona. Nikamvalisha vifaa vya masikioni, nikafungua wimbo mmoja. Safari hii ulifunguka mara moja, na nikashangaa. Yule mtu akafumba macho. Midomo yake ikaanza kufuata maneno, moja kwa moja, kama mtoto anayejifunza kusoma. Akaniomba mwingine. Kisha akaomba ujumbe wa Kilwa. Tulikaa hivyo karibu saa nzima, mimi nikitazama saa ya ukutani na jasho likinitoka, yeye akimsikiliza mke wangu akiongea kuhusu maharagwe. Nilitaka kumwambia basi, inatosha. Niliona wivu, nakiri. Lakini ungemfukuza fundi siku ya Alhamisi wakati misa ni Jumapili?

"Sasa tutaipa fasi," akasema. "Lakini mi siwezi kufinya kintu. Ni weye mwenye mashini. Unafaa kufinya weye."

Na kweli, hakugusa kipanya wala kibodi. Alikuwa ananyoosha kidole, mimi nabonyeza. Ujumbe wa kwanza niliusoma: faili za muda. "Oui." Wa pili niliusoma nusu. Taa ya sebuleni ikafifia, ikarudi. Umeme ulikuwa unaanza kuyumba, na kila mtu wa hapa anajua hiyo ni dalili gani.

"Kimbia, papa," akasema pumzini. "Courant inaenda."

Wa tatu sikuusoma. Wa nne, wa tano, "Oui", "Oui". Wa sita ulikuwa mrefu, wenye alama ya njano, na niliona neno moja tu, "définitivement", yaani kufuta kusikorudishika. Kidole changu kilikuwa kimeshashuka. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, nasi tunawafundisha watoto wetu, halafu tunakwenda kubonyeza.

Taa ya diski ikazimika, kisha ikaanza kupepesa, haraka, yenye afya. Nilifungua programu, ikafunguka. Nikanakili faili kubwa kwa majaribio, ikapita kabla sijapumua. Nilicheka kwa sauti, nikapiga meza. Nikamwambia abaki, tule bukari na sombe, kisamvu alichopika Mireille. Akatikisa kichwa, akasimama, akatoka. Mimi nilibaki nimeinamia kioo, nikifurahi kama mjinga.

Kutoka uani nikasikia: "Baba Mireille, funga mulango muzuri, mavumbi iko naingia."

Nami nikajibu, "Ndiyo, mama."

Nilijibu kwa mazoea, uniamini. Miaka thelathini na moja nilijibu hivyo. Ilipita pumzi moja, pengine mbili, ndipo nikaelewa nimemjibu nani. Haikuwa sauti inayofanana na yake. Ilikuwa yenyewe, na kile kikohozi kidogo alichokuwa nacho kabla ya kutamka neno "mavumbi". Nilitoka mbio mpaka nikaangusha kiti. Lango lilikuwa wazi. Barabara yetu ni nyekundu, imenyooka, unamwona mtu mpaka anafika kwenye antena ya simu kule mwisho. Hakukuwa na mtu.

Nikarudi ndani. Folda ya Odette haikuwepo.

Nyimbo za kwaya nzima nilikuwa nimezihifadhi kwenye folda nyingine ya diski ileile, kwa hiyo nikazifungua. Zilikuwepo. Kinanda kinaanza, ngoma inaingia, kisha mahali pa Odette pana ukimya. Ukimya kabisa, hata kuku wa uani wanasikika. Halafu kwaya inaitikia. Inamwitikia nani? Wimbo baada ya wimbo, watu arobaini wanamjibu mtu asiyekuwepo.

Umeme ukakatika palepale.

Saa kumi na nusu lango likagongwa tena. Nilishika nyundo, nakwambia ukweli. Alikuwa Nadine, binti ya Kalala, fundi kama baba yake, amejaa vumbi, pikipiki mbovu pembeni, diski ya kunakilia mkononi.

"Papa, pardon," akasema. "Moto ilinifwia mu njia. Ulifuta kintu?"

Nililia mbele ya binti mdogo kuliko wangu. Alichukua mashine, akakaa nayo siku mbili dukani kwa jenereta, akitafuta. Jumamosi alikuja akaketi karibu nami, akasema taratibu kwamba diski ya zamani ingeweza kurudisha kitu, lakini hizi mpya, TRIM ikiwa imewashwa, kilichofutwa kinasafishwa papo hapo. Aliona nafasi tu, nyingi, nyeupe. Na nani aliiwasha TRIM? Sikumwambia.

Mireille alikuwa na ujumbe wa mama yake kwenye simu. Tulikimbilia huko. Unaonyesha dakika moja na sekunde nane, mstari unatembea, na hakuna kinachosikika. Simu haikuwahi kuunganishwa na kompyuta yangu hata siku moja. Shangazi yake wa Likasi ana video ya harusi yetu; Odette anafungua kinywa, anacheka, na muziki wa ukumbini unaendelea kama kawaida.

Misa tuliifanya. Kwaya ilifika kwenye wimbo wa mwisho, ikaacha nafasi yake, na kanisa zima likanyamaza kumsubiri. Mireille alinishika mkono mpaka kucha zikaingia.

Lakini hayo si mabaya zaidi. Baya zaidi nililigundua usiku uleule, nilipojaribu kumkumbuka. Uso ninao. Mikono ninayo, harufu ya sabuni yake ninayo, maneno yake yote naweza kukuandikia. Sauti haipo. Naisoma kichwani kama barua. Nikamuuliza Mireille, akaweka kiganja mdomoni, akatikisa kichwa. Na yeye hana.

Wiki iliyofuata mama mmoja wa kwaya alikuja kunitembelea, akanieleza bila kukaa. Alikuwa jikoni mchana, akaitwa jina lake kutoka langoni, akaombwa afungue. "Ilikuwa Odette, papa," akasema. "Mi sikuitika. Nilingoya aniite mara ya pili, sawa bile bazee balitufundisha: muzimu inaita mara moja tu. Hakurudilia." Yeye anaikumbuka sauti, kwa sababu ameisikia tena. Nilimwomba aniigizie. Hakuweza.

Basi nakuonya, wewe uliye na mashine inayochelewa. Iache ichelewe. Nunua diski nyingine, nakili kwanza, soma kila ujumbe mpaka nukta ya mwisho hata kama umeme unakatika. Na mtu akija mchana mweupe bila kitu mkononi, akakataa kugusa mashine yako, mfungie lango. Ukisikia unaitwa kutoka nje na mtu uliyemzika, usiitike.

Mireille amenunua kufuli kubwa, ufunguo anaubeba yeye anapokwenda kazini. Anasema ni kwa ajili ya wezi. Anajua si kweli. Anajua kwamba kila mchana nakaa karibu na lango, kwenye kile kiti cha Odette, na kwamba nikiitwa hata mara moja, nitaitika.