Shuka na Mto

Fundi wa mashuka alikuwa na mdogo wake mmoja tu, rapa, ambaye mtaa mzima ulimwita Ulimi kwa jinsi alivyoyachezea maneno. Wimbo uliomtoa ulikuwa na mstari huu: "Dada kanipa shuka, kilichobaki ni mto." Watu walivunjika mbavu. Dada mtu naye alicheka, mguu ukikanyaga cherehani. Kumbe hata foronya zina ushairi!

Mvua zikaja. Ulimi akavuka mto kwa miguu akiwahi shoo, maji yakamchukua. Hakuna aliyeona alivyoingia.

Basi mstari ukageuka. Sasa watu walisikia dada akimwambia mdogo wake ashuke, na mto ukimngoja. "Alijitabiria," wakasema. Wengine wakanong'ona kwamba alikuwa akiaga. Saluni ya jirani ikiufungulia wimbo, mkasi ulimganda fundi mkononi. Je, ni mimi niliyemwambia ashuke? Uzalendo ukamshinda, akaenda studio.

"Shikamoo dada," prodyuza akainuka.

"Marahaba. Mdogo wangu, usinifiche. Alikuwa ananiaga?"

Prodyuza alimvalisha spika za masikioni, akamwekea rekodi ambayo haijakatwakatwa. Ulimi alikuwa akicheka: "Hapo watapotea, watadhani mto wa maji! Mimi namsema dada. Tulipofiwa na mama alinipa shuka lake, yeye akajifunika koti. Nikitoboa tu, namnunulia mto, tena ule laini, alale kama malkia."

Fundi akajifuta machozi. Moyo ulianza kumtulia. Lakini rekodi ilikuwa bado inaendelea. Ulimi alikohoa, akasogea karibu, akaanza kujaribu maiki kwa sauti ya chini, kana kwamba amesimama nyuma ya kiti cha dada yake:

"Dada? Dada, unanisikia?"

"Abee," fundi akaitika, akageuka.

Nyuma yake palikuwa na ukuta tu. Prodyuza aliinamisha macho.

Siku hizi fundi akimsikia mtu akisema rapa alijitabiria, humkatiza palepale: "Mto wa kulalia, bwana! Alikuwa ananisema mimi." Anaamini hivyo kwa moyo wake wote. Hata hivyo, wateja wake wameshazoea jambo moja. Wimbo ukifika kwenye lile neno "Dada", cherehani husimama, naye huitika taratibu, kisha hutega sikio.