Wimbo Mmoja, Mikono Saba

Sadie MacEachern wa Mabou, kijiji cha Kanada, alizaliwa mbishi, na uzee haukumpunguzia kitu. Alipofiwa na mumewe Hughie hakukaa dirishani kulia. Alizikusanya kaseti zilizorekodiwa majikoni mwa watu, walikokutana kupiga muziki, fidla na piano na vicheko, akaziingiza kwenye kompyuta moja moja kabla hazijaoza. Kisha akatafuta programu ya bure ya kuchezea na kupanga muziki, kazi ya watu wa kujitolea asiowajua, akaupanga muziki kwa desturi ya kwao: kwanza jina la mpigaji, la baba yake na la babu yake, jina la wimbo baadaye. Huko jina la wimbo husahaulika, la mpigaji halisahauliki.

Mwanawe Lauchie alipokuja kutoka mjini Halifax, alitaka kuuhamishia muziki wote kwenye huduma ya kulipia. Huduma hiyo haikupokea nyimbo zilizojirudia.

"Mama, wimbo huu unao mara saba! Tubakize mmoja ulio safi. Hizo nyingine takataka."

"Takataka iko kichwani mwako. Hao ni watu."

"Na hiyo programu yako ya bure ikigoma, utampigia nani simu?"

"Ya bure haijawahi kuniambia nimtupe mtu. Hiyo yako hata sijailipia, imeshaanza kunipa amri. Mkataa kwao mtumwa, Lauchie!"

Lauchie akacheka, akaziwekea rekodi sita alama za kufutwa. Sadie alipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto, maana kaseti zenyewe zilishaharibika na nakala nyingine hakuna. Lakini hakumshika mkono. Alivuta kiti, akaketi.

"Haya, futa. Ila kwetu mtu hatupwi bila kusikilizwa. Anza na hiyo chafu kuliko zote."

Lauchie akaicheza. Vikagongana vikombe, mtu akakohoa, fidla ikaanza. Chini yake miguu miwili ilipiga sakafu, wa kushoto ukichelewa kidogo. Utotoni Lauchie alilala chumba cha juu ya miguu hiyo. Aliitambua kabla ya fidla.

"Baba," alisema.

"Ndiyo, baba yako. Ndiye takataka. Bofya umfute basi, mbona umeganda?"

Lauchie aliziondoa alama zote sita. Wimbo ulipoisha, akasogea kwenye rekodi iliyofuata.

"Na huyu anayefuata, ni nani?"

"Mtu wa mjini wewe! Teleka chai kwanza, kisha uniulize kwa adabu."