Kassimu wa Gitega na Kisanduku cha Radi

Kassimu ni fundi redio wa Gitega. Baba yake alikuwa fundi cherehani, yeye akakataa sindano. Ujanani aliona kwamba redio hukwaruza kabla mvua haijafika. Watu walimletea redio wakisema mbovu. Aliwajibu, "Si mbovu, imesikia radi." Akawa anajiuliza miaka na miaka: imesikia radi ya wapi?

Jibu alilipata uzeeni, kwenye simu. Kuna watu nchi za mbali wanaounda visanduku vya kusikiliza radi, kila mtu nyumbani kwake, bila mshahara. Wakamtumia vifaa. Akaunda vinne. Kimoja kwake Gitega, kimoja Muyinga mjini, kimoja Mwakiro, kimoja kwetu Butihinda.

Alinieleza hivi. Radi ikipiga, kila kisanduku huandika saa yake. Kilicho karibu husikia mapema, cha mbali huchelewa. Kwa tofauti hiyo simu yake inajua mahali. Lakini viwe vinne. Vikiwa vitatu unajua imepiga, hujui wapi.

Nilimwuliza kinachelewa kiasi gani. Akasema ni muda mfupi sana, hata kupepesa jicho ni kurefu. Jambo hilo nimelifikiria sana shambani, na bado linanishinda.

Kwetu mwenye kisanduku alikuwa mke wangu, Emiliana. Alifuta vumbi kwenye sola inayokiwasha, alitia mega za intaneti kwenye simu ili habari zimfikie Kassimu. Kassimu akiona radi inaelekea Giteranyi, alimpigia Imelda, mkuu wa wanawake wanaolima bondeni huko. Imelda akapuliza filimbi, wote wakatoka bondeni. Ndiyo ilikuwa kazi.

Emiliana alifariki mwezi wa nane.

Siku ya tatu ya msiba kisanduku kikalia, ti, ti. Shemeji yangu Dorotea, dada yake marehemu, akainuka. "Redio msibani? Nani amefungua?" Akachomoa waya. Hakuna aliyembishia. Kwetu redio hailii mpaka siku ya kuganduka, tunapomaliza msiba, na sisi tuliipanga mwezi wa pili. Hata mimi niliona ni sawa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Kassimu akashuka kwenye pikipiki, mfuko wa vyuma mgongoni. Alitoka Gitega alfajiri. Butihinda ilikuwa imenyamaza, na simu ya Emiliana haipokelewi. Alidhani radi imepiga kisanduku. Akatutazama mimi na Dorotea, Emiliana hayupo, akajua.

"Pole muzee. Mi nilikuwa ninapiga simu yake kila siku, kumbe..."

Akaomba dua yake, sisi tukafanya ishara ya msalaba. Tulipokwisha kula ndipo akauliza kisanduku.

"Kimezimwa," Dorotea alisema. "Huu ni msiba, Kassimu. Kwani Waislamu hamfiwi?"

"Tunafiwa, mama. Lakini mwezi wa pili iko mbali, na mvua iko inaanza. Imelda ananiuliza kila asubuhi, mi namwambia sijui. Juzi ilipiga kule bondeni. Imeua mbuzi wawili. Wanawake walikuwa hapo hapo."

"Basi kipeleke kwa jirani."

Tukakipeleka. Jirani wa kwanza ana mashine ya kusaga. Kisanduku kikasikia mashine, kikaandika radi mia kwa dakika. Kassimu alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe huku radi iko inasaga mahindi!" Jirani wa pili alikataa. Alisema kitaiita radi kwake. Tukarudi nacho.

Njiani Kassimu hakucheka tena. "Hii ikikosekana, zile tatu mi nitazizima. Nisichokeshe watu bure."

Tulipofika nikamwuliza, "Kinalia na nini?"

"Na kaspika kadogo. Hakana kazi. Ni Emiliana aliomba, apate kujua kwamba iko hai."

Sikujua hilo.

"Na kaspika kakitoka, kinasema nini?"

"Haisemi kitu, muzee. Redio ndiyo inasema. Hii iko inasikiliza tu."

Nikamgeukia Dorotea. Alikuwa anachambua maharage. Alichambua mengine kiganja kizima kabla ya kujibu.

"Watu huja msibani kusikiliza," alisema. "Mtoe huo mdomo."

Kassimu akatoa chuma chake cha kuchomelea nyaya, akakipasha moto kwenye makaa. Nikamzuia.

"Nifanye mimi."

"We? Na macho gani?"

"Una miaka mingapi, Kassimu?"

"Sitini na nane."

"Ukifa, nani atavitengeneza hivi?"

Akatazama makaa. "Hakuna," alisema. "Ile mi naifikiria kila siku." Akanipa chuma.

Niliunguza kidole, kisha meza. "Shemeji, hiyo ni meza ya dada yangu!" Dorotea alifoka. Kaspika kakatoka. Nikakaweka mfukoni. Kassimu akanifanya nikate waya mwingine na kuurudisha, mara tatu. Mimi sijui kusoma, kwa hiyo aliniambia rangi: mwekundu kwa mwekundu, mweusi usiuguse. Kisha akampa Dorotea. Dorotea akaweza mara ya kwanza.

"Umeona?" shemeji akaniambia. "Ni kama kushona."

Tukakiwasha. Kesho yake mchana taa ya kisanduku ikawaka bila sauti, mara moja, mara mbili. Simu ya Kassimu ikaonyesha kijidoa karibu na Giteranyi. Akampigia Imelda mara hiyo hiyo.

"Toeni watu," alimwambia. "Sasa ninajua wapi."

Alikaa siku mbili zaidi. Alipoondoka alituachia chuma kile. Alisema Mwakiro nao wafundishwe, kabla yeye hajachoka, na atakayewafundisha ni Dorotea. Dorotea hakukubali, hakukataa. Aliuliza tu watu wa Mwakiro huenda shamba saa ngapi, asije akawakuta wametoka.