Soksi Moja Kwenye Theluji

Theluji ikianza kuanguka hapa Kochkor, kijijini kwetu milimani, jirani yetu huvua kiatu cha kulia kabla ya kushika usukani. Gari lake jeusi lina injini kubwa kupita kiasi, na nguvu zote ziko kwenye magurudumu ya nyuma. Ukikanyaga mafuta kwa pupa, mkia unakutangulia. Basi yeye hukanyaga kwa soksi nene ya sufu, taratibu, kama anayepapasa paji la mtoto aliyelala, huku akilinong'oneza gari, "Twende, binti." Kwenye buti la gari huweka magunia mawili ya mchanga, yakandamize magurudumu ya nyuma.

Siku ile alikuwa akituvusha mlima wa Dolon, mama yangu awahi kumlilia dada yake kabla hajatolewa kuzikwa adhuhuri. Katikati ya mwinuko, weupe ukiwa umemeza juu na chini, magurudumu yakazunguka bure na gari likasimama.

"Mama Batma, hamia nyuma, kaa katikati," jirani akamwambia mama.

"Miaka yote mnanitania unene, leo nimekuwa gunia la mchanga?"

"Gunia halijui dua, mama."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu tupate habari. Akahamia nyuma. Soksi ikashuka polepole, na tukapanda bila sauti, kama tunaelea.

Tulipofika, marehemu alikuwa bado ndani ya hema la sufu. Jirani akaruka nje, akamshika mama mkono hadi mlangoni, kisha akajiunga na safu ya wanaume waliosimama nje wakiomba dua. Hapo ndipo nilipouona mguu wake wa kulia, wenye soksi tu, umezama kwenye theluji. Alisimama hivyo hivyo mpaka dua ikaisha.