Tulikubaliana kupoteza mechi ili tupate mfungaji mrefu, na kapteni wetu hakuambiwa

Wakuu, habari za mchana.

Mimi humu ni msomaji tu. Miaka yote nakaa pembeni nasoma mnavyorushiana maneno kuhusu timu zenu, nacheka, nafunga simu naendelea na kazi.

Ila juzi kuna jamaa kauliza kama timu inayojengwa upya bora ipoteze mechi kwa makusudi ili mwakani ipate wachezaji wazuri. Watu kibao mkajibu ndiyo, eti hiyo ndiyo akili, na mmoja akaandika kwamba wachezaji wataelewa tu. Nikasoma mpaka mwisho roho inaniuma. Nikaona nisipoandika nitapasuka.

Sitaongeza chumvi. Ningekuwa wa kuongeza chumvi ningejiweka mimi upande mzuri, na mtaona wenyewe kwamba sipo.

Nipo Muscat mwaka wa tano, kazi za ndani, nyumba ipo Mabela. Mimi ni Mkristo, ila huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Napata off kuanzia mchana mpaka jioni.

Na Ijumaa tunacheza netball. Msicheke.

Uwanja upo Ansab, ndani ya ukuta wa nyumba ya Bi Thuwaiba. Huyu ni mama wa Kiomani mzaliwa wa Unguja, alikuwa mwalimu wa michezo kabla hajastaafu. Wanawe walikuwa wanacheza basketball hapo, wakaoa, wakahama. Yeye akang'oa mbao akaacha pete tupu, akaanza kutuita sisi. Yeye ndiye mwenye uwanja, ndiye refa, na ndiye serikali. Akipuliza filimbi hakuna kukata rufaa.

Timu zipo nne: sisi Mabela, halafu Mawaleh, Ansab na Seeb. Karibu wote ni wadada wa kazi, Bongo na Kenya.

Sasa shikeni hapa, maana ndipo mambo yote yalipoanzia.

Huku watu hawakai. Mkataba unaisha mtu anarudi, mwingine anaolewa, mwingine kafili wake, yaani bosi aliyemdhamini viza, anahamia mkoa mwingine anaondoka naye. Kwa hiyo kila msimu ukiisha kuna wageni wa kugawana. Bi Thuwaiba akaweka kanuni kwamba timu iliyoshika mkia ndiyo inachagua mgeni wa kwanza. Alisema hataki timu moja iwe ya kupigwa kila siku, watu wataona haya kuja. Na ukishachaguliwa, hiyo ndiyo timu yako mpaka siku unapanda ndege.

Kanuni nzuri kabisa. Sisi ndio tulikuwa wabaya.

Kapteni wetu alikuwa Dada Mwajuma, mtu wa Tanga. Miaka minane nyumba moja, akimtunza bibi wa nyumba hiyo aliyekuwa hawezi kutembea. Yeye ndiye aliyeanzisha timu ya Mabela. Mimi nilipofika huku nilikuwa nalia chooni kila siku, yeye ndiye aliyenipigia simu, wala hanijui, kapata namba kwa watu, akaniambia Ijumaa vaa raba uje. Sikuwa na raba. Akaniletea zake.

Msimu mmoja tulikuwa mabingwa. Halafu wachezaji watano wakaondoka kwa mpigo. Tukabaki Dada Mwajuma, mimi, mwenzetu mmoja anaitwa Sikujua, na wageni ambao mpira wanaudaka kama sufuria la moto. Msimu uliofuata tukapigwa na kila mtu.

Na msimu ukielekea mwisho yule bibi wa Dada Mwajuma akafariki. Kazi ikaisha. Wakamkatia tiketi ya kurudi moja kwa moja.

Hakulalamika. Alituambia kitu kimoja tu: "Jamani, nataka niondoke na ushindi mmoja. Mmoja tu unanitosha."

Mechi iliyobaki kabla ya safari yake ilikuwa sisi na Ansab. Wao walikuwa wabovu kama sisi, pointi sawasawa. Atakayefungwa anashika mkia, na atakayeshika mkia anachagua kwanza.

Na wa kuchaguliwa alikuwepo. Anaitwa Happy, katoka Mwanza, mrefu mpaka unainua shingo. Ijumaa ya wageni kujaribiwa alirusha mipira ishirini, kumi na nane ikaingia. Kila timu ilikuwa inameza mate.

Hapa ndipo ninapoingia mimi na ujanja wangu.

Nyumba ninayofanya kazi kuna kijana wao, Haitham, alisoma Marekani. Karudi na ugonjwa wa kupenda besiboli. Mimi huo mchezo siuelewi mpaka leo, watu wanasimama wanatema mate saa tatu nzima. Basi siku moja nampelekea kahawa namkuta anagombana kwenye simu na mashabiki wenzake. Kwa vile nyumba nzima wanaongea Kiswahili, nikamuuliza kulikoni.

Akaniambia timu yao inajengwa upya, na wenyewe mashabiki wamegawanyika. Wapo wanaosema ipoteze makusudi ili mwakani ichague vijana wazuri kabla ya wengine. Wapo wanaosema huo ni uhuni.

Nikamuuliza yeye yupo upande gani. Akasema, "Mie nnasema wapoteze. Unapoteza leo, unapata kesho."

Nikamuuliza, na wachezaji wanakubali? Akacheka. Akasema wachezaji hakuna anayewauliza.

Wakuu, nilitoka pale na sinia mkononi naona kama nimepewa siri ya dunia.

Jioni ile ile nikafungua group jipya la WhatsApp. Wachezaji wote ndani, Dada Mwajuma nje. Nikamwaga somo lote, besiboli, Marekani, leo na kesho. Nikasema Dada Mwajuma anaondoka, sisi tunabaki, timu ni ya wanaobaki. Niliandika hivyo kwa mkono wangu. Bado ipo kwenye simu, sijaifuta.

Wengi wakakubali upesi. Wageni wale walikuwa wamechoka kupigwa.

Aliyekataa ni Sikujua peke yake. Alituma voice: "Mimi wiki nzima naambiwa shika hiki, acha kile, inua, teremsha. Ijumaa ndiyo siku yangu ya kushindana na mtu. Leo mnaniambia nisishindane? Na Dada Mwajuma mtamtazama usoni na macho gani?"

Nikamjibu aache hisia, hii ni mipango. Watu wakamwekea vile vikatuni vya kucheka. Baadaye akaandika, "Haya, wengi wape."

Ijumaa ikafika.

Dada Mwajuma alikuja na jezi kapiga pasi. Halafu nyuma yake nikaona bosi wake anashuka kwenye gari, na watoto wawili, na chupa ya gahawa, ile kahawa ya Kiarabu. Miaka minane yule mama hajawahi kufika uwanjani. Dada Mwajuma alikuwa amemwomba aje amuone, siku ya mwisho.

Hapo ndipo nilitakiwa kusema jamani basi. Sikusema. Nilijiambia tumeshakubaliana.

Kwa wasiojua netball: mimi ni mfungaji, nasimama karibu na pete. Dada Mwajuma anacheza katikati, na wa katikati haruhusiwi kufunga. Anaweza kukimbia mpaka akafa, ila mwisho lazima akupe wewe mpira. Yaani yule dada mkononi mwetu hakuwa na ujanja wowote.

Pasi ya kwanza nikarusha ikapita juu ya pete. Ya pili ikagonga chuma, nikaiacha ikatoka. Kila nikikosa Dada Mwajuma anakuja mbio, anasema, "Samahani mdogo wangu, nimekupa juu sana. Nitakuletea vizuri."

Jamani. Yeye ndiye anayeniomba radhi mimi.

Ila nikaanza kuona kitu cha ajabu. Beki wa Ansab hanikabi. Kasimama huko, kanipa nafasi ya kufanyia harusi. Nakosa, anaudaka, halafu badala ya kupeleka mbele anaurudisha kwa Dada Mwajuma! Upande wa pili mfungaji wao anarusha mpira hata nusu ya njia haufiki.

Mpaka robo ya tatu ilikuwa tatu kwa tatu. Sikujua, mfungaji mwenzangu, akarusha ili akose, akakosea, mpira ukaingia. Tukawa tunaongoza, na uso wangu ukakunjamana kama nimefungwa mimi. Nikamwangalia beki wa Ansab, naye anatabasamu. Hapo nikaelewa.

Nao walikuwa wamekubaliana kupoteza.

Wanawake kumi na wanne uwanjani, kumi na watatu wanapigania kushindwa. Na Dada Mwajuma goti limefungwa bandeji, jasho linamtiririka, anapiga makofi anasema, "Twendeni, wamechoka hawa, twendeni!"

Bi Thuwaiba akapuliza filimbi. Ndefu.

Akatembea mpaka katikati, akauchukua mpira akaubana kwapani. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Mnanfanya mie juha? Wallahi nnapiga filimbi tangu mama zenu hawajaolewa." Halafu akasema taratibu, "Anayecheza kweli hapa anyanyue mkono."

Dada Mwajuma akanyanyua mkono.

Alinyanyua haraka kama mtoto wa shule anayejua jibu. Halafu akageuka kutuangalia sisi, kwa nini hatunyanyui. Watoto wa bosi wake huko kwenye viti nao wakanyanyua, wanacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Mkono wake ukashuka polepole. Sijui kama nitaeleza vizuri. Niliona uso wake ukielewa.

Bi Thuwaiba akasema mechi imefutwa, hakuna mshindi. Kanuni nayo kaifuta. "Nliiweka kwa huruma, nyie mmeifanya mtego." Akasema sisi na Ansab tutachagua wa mwisho.

Happy akachukuliwa na Mawaleh. Mabingwa wa msimu huo. Mshika mawili hii ndiyo hali yake.

Bosi wake Dada Mwajuma alikunja kiti, akauliza kwa Kiarabu, "Khalas? Imeisha?" Dada Mwajuma akajibu ndiyo, imeisha. Wakapanda gari.

Siku moja kabla ya safari yake nilienda kumuaga. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, natamani hata anizabe kofi. Akanikaribisha jikoni, akanipa chai na mkate. Masanduku yamefungwa kamba. Nikalia, nikamwambia yote, kwamba group nilifungua mimi, maneno yalikuwa yangu.

Akasikiliza. Akasema yameisha, keshasamehe, hataki kuondoka na kinyongo cha mtu.

Halafu wakati navaa viatu mlangoni akaniuliza, "Kwa hiyo zile pasi zangu, zilikuwa nzuri?"

Nikamwambia zilikuwa nzuri sana, dada. Zote.

Akasema, "Usiku ule sikulala. Nilikuwa nazirudia moja moja, natafuta nilipokosea."

Haitham nilimsimulia. Akasema timu yake ya besiboli inapoteza mwaka wa nne huu, na hiyo kesho bado haijafika. Sikumcheka. Nani wa kumcheka mwenzake.

Sasa hivi kapteni ni Sikujua, nilimpigia kura mimi wa kwanza. Bado tunapigwa. Msimu huu tumeshinda mbili, na Ijumaa ya ushindi wa pili nikampigia Dada Mwajuma Tanga kumwambia. Alipokea, akafurahi, akasema hongereni. Alisema hongereni, hakusema tumeshinda.

Nilichojifunza ni hiki, na mnaoandika "ni akili" mkisome vizuri. Hiyo mechi unayotaka kuitupa, kuna mtu ndani ya timu yako anaicheza kweli, na pengine ndiyo ya mwisho kwake. Kabla hujapanga, mtafute umwambie usoni. Ukiona huwezi kumwambia, basi unajua unachofanya.

Siku hizi nikipewa mpira naita kwa sauti, "Pasi nzuri!" Hata nikikosa. Nikikosa ndiyo naita zaidi. Wageni wananicheka, wanadhani ni mbwembwe zangu.

Nimemaliza. Kunisema nisemeni, nimekuja na mgongo wangu. Ila yule aliyeandika kwamba wachezaji wataelewa tu, naomba aanze yeye kuchangia.