Pikapu ya Kumrudisha Kibugu

Sijawahi kukaa mahali hadi nguo zangu zikachakaa hapo. Shule niliiacha darasa la saba, nikaondoka kwetu Kianjai, Meru, nikiwa juu ya magunia ya miraa, na tangu hapo nimechimba mchanga, nimeuza maparachichi, nimesimamia mashine ya kusaga mahindi. Miaka hii ya karibuni nilikuwa Embu mjini, kwenye gereji ya wazi nyuma ya soko, nikichomelea vyuma chini ya fundi mmoja wa makamo asiye na maneno mengi. Nilibaki kwa udadisi tu. Nilitaka kujua gari zee huanza kuoza kutoka wapi.

Mzee mmoja wa Kibugu, kijiji cha juu kwenye mashamba ya chai, alikuja siku ya mvua, na tuliisikia pikapu yake kabla hatujaiona. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, bodi iligonga chasisi iliyo chini yake kama mlango ambao watu wamesahau kuufunga. Alizima injini, akashuka, akatoa nyuma ya kiti kijiti cha mkaratusi kilichokatwa kwa uangalifu. Akaulaza mlango wa nyuma wa pikapu, akakisimamisha kando yake. Kijiti kilizidi kwa upana wa kiganja.

Alitueleza bila haraka. Mkewe aliteleza akichuma chai, akavunjika nyonga, akapasuliwa na kuwekewa chuma. Sasa daktari alikuwa karibu kumruhusu kutoka hospitalini. Lakini boma lao liko juu, karibu na msitu, na mvua ikinyesha gari dogo haliwezi kuvuka kituo cha kuuzia majani ya chai. Majirani walijitolea kumbeba mabegani kwa miti na blanketi. Mkewe alikataa. Katika njia ile, waliokuwa wakibebwa hivyo siku zote walikuwa maiti.

"Ameniambia, siku nitabebwa na watu kwa hiyo njia, nitakuwa sijui," mzee akasema. "Nikiwa najua, sibebwi."

Kijiti kilikuwa kimo cha baraza ya nyumba yake. Zamani alikuwa akirudisha pikapu nyuma hadi mlango wake uguse saruji, na magunia ya mbolea yakavutwa ndani bila kuinuliwa. Miaka ilipopita, bodi ikalala. Sasa alitaka mambo mawili: isigonge, kwa ajili ya ile nyonga, na ifike kwenye kijiti, ili mama atembee mwenyewe kutoka garini hadi ndani.

Fundi aliingia chini na nyundo ndogo. Chuma kizima ukikigonga hulia. Kilichooza hujibu kama gunia. Aligonga kutoka mbele kwenda nyuma nami nikamfuata nikisikiliza. Mbele kililia. Nyuma, kwenye mauntingi, yaani mahali bodi inapokalia chasisi, nyundo ilizama. Ilikuwa ni mbolea ya chai, miaka na miaka ya vumbi lake jeupe lililopita kwenye nyufa za sakafu, likanywa umande na kula chuma kimyakimya. Hapo nikapata jibu langu. Gari huoza pale linapobebea.

Halafu fundi akatoa kipande cha mpira wa bushi, ule unaokaa kwenye maungio ya springi. Kilikuwa kimevimba, laini kama ugali wa maji, na kikakatika vidoleni mwake. Akauliza ni nani amekuwa akiupaka oili.

"Ni mimi," mzee akasema. "Kila Jumamosi, nikiosha gari ya kwenda kanisa kesho yake. Ilikuwa inalia."

"Mpira hautaki oili, mzee. Oili inaula."

Mzee alitazama viganja vyake. Akasema bawaba hutaka mafuta, mnyororo hutaka mafuta, hata goti lake hutaka mafuta, angejuaje kwamba kuna kitu kinachokufa kwa kutunzwa. Mimi nilicheka kidogo. Akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Kianjai.

"Basi wewe tafuna miraa yako," akasema. "Usicheke."

Tulifanya kazi ile mvua ikipiga mabati. Bolti zilikuwa zimeshikana na nati zake kwa kutu, nikazikata kwa gesi. Tuliinua bodi kwa jeki, ubao katikati ili isibonyee, kidogo kidogo, fundi akichunga mabomba ya breki yasivutike. Nilikata chuma kibovu mpaka nikafika kwenye chuma kinachong'aa, nikatengeneza vikalio vipya vya bodi kwa bamba nene la chasisi ya lori, nikachomelea kipande, nikangoja kipoe, nikachomelea kingine. Bushi mpya za springi tulizisukuma kwa maji ya sabuni. Mzee alikuwa amekaa juu ya gurudumu kuukuu akitazama ile sabuni kwa makini, kama mtu anayejifunza sala mpya.

Fundi alikuwa na desturi ambayo gereji za jirani ziliiona kuwa ni kupoteza wakati. Hakukaza bolti za bushi gari likiwa limening'inia. Alilishusha kwanza, akalipakia mzigo wake, ndipo akakaza. Alisema mpira ukibanwa gari likiwa hewani huanza siku yake ya kwanza ukiwa umepinda, na hupasuka mapema. Akamuuliza mzee mzigo wa safari ni upi.

Mzee alivua viatu. Alitandika nyuma ya pikapu godoro alilokuwa amekuja nalo, akapanda, akalala chali.

"Atalala hivi," akasema.

Tukaingia chini na spana. Kupitia sakafu ya chuma nilimsikia akizungumza Kiembu, polepole, na kwa Kimeru changu nikashika karibu nusu. Alikuwa akimwonyesha mkewe njia: hapa ni daraja, hapa ni kanisa, sasa tunaanza kupanda. Fundi aliacha kukaza kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, usitingishike," na akaendelea.

Tulipotoka, mzee akiwa bado amelala juu, nilisimamisha kijiti kwenye mlango wa nyuma. Kilikaa sawa kabisa.

Siku ya kumtoa mama hospitalini fundi alinituma niende nao. Nilikaa nyuma kando ya godoro, nikimshikia miguu isisogee. Tulipoacha lami na kuanza kupanda katikati ya chai, niliinamisha kichwa.

"Unasikiliza nini?" mama akauliza.

"Gari, shosho," nikamjibu kama mjukuu.

"Hata mimi."

Tukasikiliza wote wawili. Matope yalirushwa, injini ilinguruma, lakini bodi haikugonga. Kwenye kituo cha majani wanaume walikuwa wamesimama na machela yao ya miti na blanketi, kwa tahadhari. Tulipowapita walitufuata nyuma, wanyamavu, machela tupu mabegani. Mama aliwatazama kwa muda mrefu.

"Waambie waiweke chini," akaniambia. "Isije ikazoea."

Nyumbani mzee alirudisha pikapu nyuma hadi kwenye baraza, akazima. Mimi nikashuka. Tukamsimamisha mama kwa chuma chake cha kutembelea chenye miguu minne, akasogea hadi ukingoni, akasimama. Palibaki ngazi ndogo ya kushuka. Mlango wa pikapu ulikuwa juu ya saruji kwa upana wa kidole, na mguu wake haukuweza kushuka hata kidole hicho.

Nilimwona mzee akikitazama kile kidole. Aliitazama saruji, akaitazama springi, kisha akamtazama mkewe, gauni lilivyomlegea mabegani, mikono iliyoshika chuma. Tulikuwa tumekaza bolti na kupima kijiti kwa uzito wa mzee, si wa mkewe. Nadhani hadi wakati ule hakuwa amejua mkewe amepungua kiasi gani.

Alipanda, akakaa ukingoni mwa pikapu kando ya mkewe, miguu ikining'inia. Springi zikashuka. Mlango ukagusa saruji.

"Sasa," akasema.

Mama akasukuma chuma chake mbele, akavuka.