Eksirei za Wazee

Neno ndilo lililomponza Somoe binti Saburi, tena neno lenyewe la utani. Chuoni Dar es Salaam, katika chumba chao cha kompyuta chenye pangaboi linalolia kama paka, walikuwa wawili tu waliohangaika na pulsa kongwe: yeye na mwenzake Haruni. Pulsa ni nyota iliyokufa kwa mlipuko ikabaki kiini chake, kidogo, kizito ajabu, kinajizungusha na kumulika kama mnara wa taa wa kijijini kwao Bweni. Ikiwa changa huzunguka mbio na kutoa miale ya eksirei tele. Ikizeeka mwendo hupungua, hupoa, na wataalamu wengi huipa kisogo. Lakini baadhi ya hizo kongwe bado hutoa eksirei hafifu, na hakuna mwenye hakika kama ni joto lililosalia mwilini au ni jambo jingine. Hilo ndilo alilokuwa akilitafuta Somoe katika data za darubini iliyo huko angani. Haruni, mtu wa mzaha, akazipa jina: wazee. Akiingia asubuhi, "Shikamooni wazee! Mmeamkaje?" Somoe naye akazoea.

Siku moja babaake akapiga simu. Mzee Saburi, mkulima wa minazi, alikuwa ametoka mpaka penye mtandao, upepo unavuma simuni.

"Mwanangu, watu wananiuliza unasomea nini hasa, nami nakosa la kuwajibu."

"Eksirei, baba! Eksirei za wazee!" Akacheka, akataka kueleza, simu ikakatika.

Lo! Si bora ingekatika mapema kidogo! Mzee Saburi hakungoja maelezo. Eksirei anaijua, ni ile picha ya kifua wanayopiga hospitali. Wazee anawajua, yeye mwenyewe ni mmoja wao. Kabla ya magharibi Bweni nzima ilikuwa na daktari wake.

Idd iliyofuata Somoe alifika kwao kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, akakuta wazee wamejaa barazani. "Dakta huyo!" Bi Hamisa, jirani yao, akamshika mkono akauweka kifuani pake. "Hapa, mwanangu, ndipo panaponikereketa." Somoe alicheka hadi akatokwa na machozi. Alipoingia jikoni akamweleza shangazi yake, Bi Shamsa, kwamba hao wazee si watu, ni nyota.

Bi Shamsa akaacha kukuna nazi. "Nyota? Unapiga ramli?"

"Si ramli, shangazi. Ni sayansi."

"Iite utakavyo. Hebu toka hapo nje ukawaambie watu kuwa binti Saburi yuko Dar anatazamia nyota. Utamuua kaka yangu kwa fedheha. Hii ya eksirei ina ubaya gani? Nyamaza."

Akanyamaza. Na tuseme kweli, kumwona babaake akienda msikitini kifua mbele kulimpendeza. Nani asingependezwa?

Miaka ikapita. Somoe alimchagua mzee mmoja kati ya wale wa angani, akamng'ang'ania. Chembe za mwanga alizozipata zilikuwa chache mno, leo zinaonekana, kesho akisafisha data zinapotea. Akawa hana sikukuu. Simu za nyumbani zikawa fupi, na katika hizo fupi akawa anasikia kikohozi.

"Baba, nenda hospitali ya Kilindoni ukapimwe."

"Nitapimwa na mwenyewe," babaake akajibu.

Somoe akadhani anamsema daktari mkuu. Akatulia, akarudi kwenye kompyuta yake.

Bi Shamsa ndiye aliyemwita mwishowe, akisema kaka yake hali chakula tena. Somoe alipofika alimkuta mzee ameoga, amevaa kanzu safi, amekaa kitandani wima, amebaki mifupa. Leso iliyokuwa pembeni ina damu.

"Nimekuwekea kifua changu," babaake akasema kwa furaha. "Watu wa zahanati waliniambia niende Kilindoni, wakasema mara ya pili, nikawajibu nina wangu. Haya, nivue kanzu?"

Macho yake yalikuwa kwenye mkoba wa kompyuta begani mwa bintiye, akingoja mashine itolewe. Ndipo Somoe alipoelewa. Yule mwenyewe wa simuni alikuwa ni yeye.

Alimpeleka Kilindoni, kisha Dar. Daktari hakumficha: ugonjwa umekwisha kula mapafu yote mawili, wangemleta mapema pangekuwa na la kufanya. Sasa wamrudishe nyumbani wakamtunze. Somoe aliinua ile picha dirishani akaitazama. Yeye, msomi wa eksirei, aliona weupe na weusi tu.

Walipofika Bweni, babaake akamwomba aitoe picha ile ile. "Wale wamesema lao. Nisomee wewe. Utakalosema wewe nitaliamini."

Somoe akapiga magoti kando ya kitanda. "Baba, nisamehe. Sijui kuisoma. Mimi nachunguza nyota. Wazee niliokwambia ni nyota zilizozeeka."

"Nyota," mzee akasema. "Na zinaumwa?"

"Haziumwi. Zinapoa tu, hadi zizimike."

"Umeiona japo moja?"

"Nilidhani nimeiona. Juzi Haruni kaniambia mwanga ule ulitoka kwa kitu kingine kilicho nyuma yake. Yule wangu hatoi chochote."

"Maskini mwanangu," babaake akasema, na Somoe akaona heri angepigwa kofi. Kisha mzee akamvuta karibu. "Usiwaambie watu. Niache nife baba wa daktari." Somoe akaahidi. Angefanyaje?

Mzee Saburi akafa alfajiri ya Ijumaa, wakamzika kabla ya swala ya mchana. Kwenye matanga watu wakasema ya misibani, kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Somoe alitamani kupiga ukelele. Babaake hakuficha chochote, alimwekea yeye.

Siku ya kuanua matanga Bi Hamisa akaja kukaa naye mkekani, akikohoa kwenye upindo wa kanga. Alipouondoa mdomoni Somoe akaona wekundu. Ahadi aliyompa babaake ikavunjika pale pale.

"Bi Hamisa, nisikilize. Mimi si daktari. Sijui chochote kuhusu kifua cha mtu. Nasomea nyota za mbinguni, Wallahi. Baba amekufa kwa kunisubiri. Kesho twende Kilindoni, nitakupeleka mimi."

Bi Hamisa akamtazama kwa huruma, akamfuta machozi kwa ncha kavu ya kanga. "Najua, mwanangu. Uchungu husemesha mengi. Marehemu alituusia tusikuharakishe." Akajikongoja, akainuka, akamwekea mkono kichwani. "Lia kwanza, umalize. Mimi zamu yangu nitaingoja."